"Mungu Alaani Uovu": Albamu Moja, Wasikilizaji Wengi na Amri ya Nane

Katikati ya mwezi wa Mei 2018 tulipokea ujumbe kutoka kwa baba mmoja wa familia, mwamini wa mojawapo ya parokia zetu, aliyejaa wasiwasi juu ya mwanawe mwenye umri wa miaka 17. Alikuwa ameikuta katika simu ya kijana huyo picha ya albamu ya muziki yenye maneno matatu ya Kiingereza. Mawili ya kwanza, yakitamkwa mtaani, ni apizo linalolitaja jina la Mungu. Kijana alijitetea kwamba waimbaji ni Wakristo na kwamba maneno yale ni sala. Baba hakuamini. Simu ikafungiwa kabatini, na kijana, ambaye ndiye mpiga kinanda wa kwaya yao, hajaonekana mazoezini kwa majuma mawili. Swali la baba lilikuwa fupi: je, hawa ni Wakristo kweli, au ni shetani aliyevaa joho la kanisa?

Tumelichukua swali hilo kwa uzito. Hatusemi kwamba muziki huo umeenea sana katika jimbo letu, haujaenea. Lakini namna ya kuhukumu aliyoitumia baba huyu, na ambayo wengi wetu huitumia kila siku, ni jambo linalohusu wokovu wetu zaidi kuliko gitaa lolote.

Albamu yenyewe inaitwa God Damn Evil. Ilitolewa tarehe 20 Aprili na bendi ya Stryper ya California, Marekani, ambayo asili yake ni mwaka 1983. Hupiga muziki wa metali, yaani lile tawi zito la muziki wa roki lenye magitaa yanayonguruma, ngoma za kasi, na sauti zinazopanda juu kiasi cha kumfanya asiyezizoea azibe masikio. Mabishano yalianza kabla hata albamu haijatoka. Kwa maelezo ya bendi, Walmart, mtandao wa maduka ulio mkubwa kuliko yote Marekani, ulikataa kuiweka rafuni kwa sababu ya jina lake. Mwimbaji wao kiongozi, Michael Sweet, alieleza kwamba jina hilo ni ombi tu: Mungu anaombwa aulaani uovu. Ni haki kuongeza kwamba duka hilo kwa miaka mingi limekuwa likikataa albamu zenye lebo ya onyo kwa wazazi, hivyo halikuibuka ghafla na ukali huu. Hata hivyo, wasikilizaji wengine hawakuacha kukumbusha kwamba katika maduka hayohayo filamu zilizojaa damu na mauaji hupatikana bila taabu.

Sisi tusomao kwa Kiswahili tuna faida ndogo hapa. Tukilitafsiri jina la albamu neno kwa neno tunapata "Mungu alaani uovu", na hapo tusi limeyeyuka. Mzee wa kanisa akilisema hilo mwishoni mwa mkutano wa jumuiya, waliohudhuria watajibu "Amina" na kuinuka waende zao. Ubaya ambao Mwingereza au Mmarekani anausikia haumo katika maana ya maneno. Umo katika mazoea ya vinywa vilivyoyachakaza, kwa kuwa huko hutamkwa na mtu aliyejigonga kidole kwa nyundo. Amri ya pili ya Mungu inakataza kulitaja bure jina lake. Swali basi ni kama katika albamu hii jina hilo limetajwa bure.

Lakini msikilizaji wa Kiswahili naye ana mahali pake pa kujikwaa, nalo ni neno laana. Kwetu laana si mchezo. Tunaijua laana ya mzazi, na wapo watu wazima wenye familia na kazi nzuri ambao hawapati usingizi kwa sababu mama alifariki kabla ya kuwatamkia neno la msamaha. Kanisa pia limelishika jambo hili kwa tahadhari. Liturujia ya Vipindi ilipofanyiwa marekebisho baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Zaburi tatu, yaani ya 58, ya 83 na ya 109, ziliachwa nje ya mpangilio wa sala kwa sababu ya ukali wa laana zilizomo dhidi ya adui. Zimebaki katika Biblia kama Neno la Mungu, ila ilionekana kwamba zingeweza kuwatatiza wasalio. Adui katika Zaburi hizo ni watu, wenye watoto na nyumba. Waimbaji hawa wameomba laana juu ya uovu wenyewe, hawakumtaja mtu yeyote, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Yule aliyetufundisha kuwabariki wanaotulaani hakutufundisha kamwe kuubariki uovu.

Ili kuzielewa hukumu za leo juu ya albamu hii ni lazima kurudi nyuma, maana Stryper wamekwisha kupita njia hii. Bendi iliundwa na ndugu wawili, Michael na Robert Sweet, pamoja na mpiga gitaa Oz Fox na mpiga besi Tim Gaines. Jina lao walilihusisha na mstari wa 5 wa sura ya 53 ya kitabu cha nabii Isaya, mahali panaposemwa juu ya uponyaji tunaoupata katika mapigo ya Mtumishi wa Bwana. Ndiyo sababu walivaa mavazi ya mistari ya njano na nyeusi. Katika maonyesho yao walikuwa na desturi ya kuwarushia watazamaji nakala za Agano Jipya. Hiyo ilikuwa Marekani ya miaka ya 1980, wakati hofu ya ushetani katika muziki ilipokuwa juu sana. Mwaka 1985 hata Seneti ya nchi hiyo ilikaa kusikiliza malalamiko juu ya mashairi ya nyimbo za vijana.

Mwaka 1986 wakatoa albamu yao iliyojulikana kuliko zote, To Hell with the Devil, jina ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema "Shetani na aende zake motoni". Jalada la kwanza lilikuwa na mchoro wa malaika wanne wakimtupa shetani katika shimo la moto. Wakristo kadhaa wakachukizwa: wengine kwa kuwepo kwa shetani jaladani, wengine kwa neno la jehanamu. Jalada likabadilishwa, likawekwa la rangi nyeusi tupu lenye jina la bendi. Albamu ikauza nakala zaidi ya milioni moja, jambo ambalo hakuna bendi ya Kikristo ya metali iliyokuwa imelifikia kabla yao, na nyimbo zake zikaonyeshwa katika televisheni ya MTV katikati ya bendi ambazo hazikuwa na habari yoyote na Injili.

Hapo ndipo linapoingia jambo la kusikitisha. Michael Sweet amesimulia mara nyingi kwamba yeye na familia yake walimpokea Kristo alipokuwa na umri wa miaka kama 12, kwa kutazama mahubiri ya Jimmy Swaggart, mhubiri maarufu wa Kipentekoste, katika televisheni. Mhubiri huyohuyo baadaye alisimama hadharani kuushambulia muziki wa roki wa Kikristo. Desturi ya Stryper ya kurusha Agano Jipya aliilinganisha na kutupa lulu mbele ya nguruwe. Mtoto wa imani akahukumiwa na baba yake wa imani, na wale vijana waliokuwa wakidaka vitabu vile kwa mikono miwili wakapewa jina la mnyama. Yaliyompata mhubiri huyo mwaka 1988 yanajulikana, wala hatuyarudii hapa. Makala juu ya amri ya nane haina haki ya kufanya hivyo.

Tazameni sasa hukumu ilivyogeuka. Mwaka 1990 bendi ilitoa albamu iitwayo Against the Law. Mistari ya njano na nyeusi ikaachwa, na jina la Yesu halikusikika tena waziwazi katika mashairi. Wasikilizaji wengi wa metali waliisifu kwa ufundi wake, lakini Wakristo wakalalamika, na safari hii walikuwa na hoja. Michael Sweet mwenyewe amekiri katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2014 kwamba katika kipindi kile wanabendi walikuwa wamejiachia katika unywaji wa pombe na walikuwa wamepoa kiroho. Mwaka 1992 akaondoka, na bendi ikanyamaza kwa muda mrefu. Walirudi pamoja mwaka 2003 na kutoa albamu mpya mwaka 2005.

Tunaona hapa jambo linalopaswa kutufikirisha. Mwaka 1986 waliposimama imara, walilaumiwa kwa sababu ya jalada. Jeraha lililokuja kuwaangusha lilikuwa ndani, nalo halikuwa na jalada lolote. Ni nani aliyewaandikia kuwauliza kama wanasali? Hatujui kama yupo, na huenda walikuwepo wengi kimyakimya. Lakini kelele zilizosikika zilihusu mavazi, majina na picha.

Turudi kwenye albamu hii. Maoni ya wasikilizaji tuliyokutana nayo hayafanani hata kidogo. Wapo waliosimama mlangoni, wakasoma jina, wakatoa hukumu, wakaenda. Hawa hatuwezi kuwahesabu kuwa wasikilizaji, ingawa ndio waliosema kwa sauti ya juu zaidi. Wapo wapenzi wa zamani, sasa watu wazima wenye wajukuu, wanaoshangilia kwamba bendi imekuwa nzito kuliko ilivyokuwa ujanani mwao. Wapo wengine wa rika hilohilo wanaosikitika kwamba ule utamu wa sauti za pamoja wa mwaka 1986 umepungua. Wimbo wa kwanza, "Take It to the Cross", ndio uliowagawanya zaidi. Unakwenda kwa kasi kubwa, na ndani yake inasikika ile sauti ya kunguruma kooni ambayo bendi nyingine za metali huitumia sana lakini Stryper hawakuwa na mazoea nayo. Wapo walioiona kuwa ni ujasiri. Wapo waliosema ni kelele zilizowekwa mahali pasipostahili. Jina la wimbo, kumbe, linamwalika mtu aupeleke mzigo wake Msalabani, jambo ambalo tumelifanya katika Njia ya Msalaba kila Ijumaa ya Kwaresima iliyopita.

Upande wa pili wako wapenzi wa metali wasio waamini. Wengi wao husifu magitaa na sauti ya Sweet, ambayo katika umri wa miaka zaidi ya 50 bado inafika juu, kisha huongeza kwamba mashairi yanahubiri mno. Lawama hiyo tunaiheshimu. Wimbo mbaya haugeuki kuwa mzuri kwa kutajwa Yesu ndani yake, na hilo linazihusu hata kwaya zetu, ambazo mara nyingine hudhani kwamba nia njema inaziba pengo la mazoezi. Jambo linalotia moyo ni kwamba baadhi ya wasikilizaji hao wameutaja wimbo "The Valley" kuwa miongoni mwa nyimbo bora za albamu. Wimbo huo umejengwa juu ya Zaburi ya 23. Mtu asiyeingia kanisani kamwe amekaa na Zaburi ya Mchungaji Mwema masikioni mwake akiwa ndani ya basi. Sisi hatuwezi kulidharau jambo hilo.

Katekesimu ya Kanisa Katoliki, inapoeleza amri ya nane, inataja katika namba 2477 dhambi ambayo ni nadra kuisikia ikitajwa katika maandalizi ya Kitubio, yaani hukumu ya haraka: kuuona ubaya wa kimaadili wa jirani kuwa ni kweli, hata moyoni tu, bila msingi wa kutosha. Namba inayofuata inatoa dawa yake, na kwa ajili hiyo inaazima hekima ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola kutoka katika Mazoezi yake ya Kiroho. Kwa maneno yetu, mpangilio wa Inyasi ni huu: Mkristo mwema huwa tayari zaidi kulipokea neno la mwenzake kwa maana njema kuliko kulilaani, akishindwa kuiona maana njema, humwuliza aliyelisema analielewa vipi, na ikiwa analielewa vibaya, humsahihisha kwa upendo.

Tukiipitisha albamu hii katika ngazi hizo tatu, ya kwanza inatosha karibu kumaliza kesi. Maneno yale yanaweza kupokewa kwa maana njema, tena ndiyo maana yake ya wazi kisarufi. Ngazi ya pili nayo ilikwisha kutimizwa, kwa kuwa mwenye maneno aliulizwa na akaeleza. Na sisi wenyewe, usiku wa Vijilia ya Pasaka, kuamkia tarehe 1 Aprili, majuma matatu tu kabla ya albamu kutoka, tulisimama na mishumaa mikononi tukaulizwa kama tunamkataa Shetani, kazi zake na fahari zake, tukajibu kwa sauti kubwa kwamba tunamkataa. Tukiacha kipimo cha kelele, waimbaji hawa wanasema jambo ambalo liturujia ilitutaka tuliseme usiku ule.

Ngazi ya tatu ndiyo inayotufanya tusiwasafishe kabisa. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya nyama zilizotolewa sadaka kwa sanamu, alikubali kwamba nyama yenyewe haina neno, lakini alikuwa tayari asile nyama milele kuliko kumkwaza ndugu aliye dhaifu. Stryper si wageni. Kwa uzoefu wa mwaka 1986 walijua fika jinsi jina la namna hii litakavyosikika, na walijua pia kwamba mabishano huuza. Hata wasikilizaji wao waaminifu wapo waliosema kwamba wanaipenda albamu, lakini hawawezi kuitaja jina mbele ya mama zao. Sisi tungependelea wachague jina lingine. Hilo ni kosa la busara, na hukumu ya kwamba mtu ni wakala wa shetani haiwezi kujengwa juu ya kosa la busara.

Hapa ni lazima tutenganishe mambo mawili, maana tunajua swali linalokuja: je, muziki huu uingie kanisani? Hapana. Hati ya Mtaguso juu ya Liturujia, Sacrosanctum Concilium ya mwaka 1963, inaueleza muziki mtakatifu kuwa sehemu ya liturujia yenyewe, unaoshikamana na tendo takatifu, na inaipa nyimbo za Kigregori nafasi ya kwanza. Vyombo vingine hukubaliwa kwa idhini ya mamlaka ya Kanisa iwapo vinafaa kwa matumizi matakatifu. Muziki ulioandikwa kwa ajili ya jukwaa, taa na umati unaoruka haujadai kuwa liturujia, na Stryper hawajaomba kupiga katika Misa. Kuupima wimbo wa jukwaani kwa kanuni za altareni ni kama kumlaumu mkulima kwa kutovaa kanzu shambani.

Hata hivyo tusiseme kwa majivuno kwamba vyombo vyetu ni vitakatifu kwa asili. Mwaka 1903 Papa Mtakatifu Pius X, katika maagizo yake juu ya muziki mtakatifu, alipiga marufuku kanisani piano na vyombo vya kelele kama ngoma na matoazi. Ngoma! Leo ni parokia gani kwetu inaadhimisha Misa ya Jumapili ya Pasaka bila ngoma, kayamba na vigelegele? Mwaka 2018 pia ilitimia miaka 60 tangu Misa Luba, iliyozaliwa Kamina, Kongo, mikononi mwa Padre Guido Haazen na waimbaji wake, iliposikika Ulaya na kuwashangaza wengi kwa namna sala za Kilatini zilivyovikwa midundo ya Kiafrika. Bibi zetu walioambiwa kwamba ngoma ni ya mizimu wangeweza kuwaeleza mengi vijana wanaoambiwa leo kwamba gitaa ni la shetani.

Wala wakuu wa Kanisa hawajawahi kuwa na sikio moja. Tarehe 27 Septemba 1997, katika Kongamano la Ekaristi huko Bologna, Italia, Bob Dylan aliimba mbele ya Mtakatifu Yohane Paulo II, na Baba Mtakatifu akautumia wimbo wake maarufu wa upepo kuwaeleza vijana kwamba upepo wenye jibu ni ule wa Roho Mtakatifu. Kardinali Joseph Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto XVI, aliandika miaka kumi baadaye kwamba alikuwa na mashaka kama ilifaa kumwalika mwimbaji wa namna ile. Watu wawili wa Mungu, waliopendana na kufanya kazi pamoja kwa zaidi ya miaka 20, walitofautiana juu ya mpiga gitaa mmoja, na hakuna aliyemwita mwenzake mpotovu.

Ndani ya Kanisa letu wenyewe tunaye shahidi wa pekee katika suala hili: Bruda Cesare Bonizzi, Mkapuchini wa Italia, mwenye ndevu nyeupe ndefu, aliyewahi kuwa mmisionari nchini Côte d'Ivoire. Alivutiwa na muziki wa metali alipohudhuria onyesho la Metallica. Mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 62, alitoa albamu iitwayo Misteri pamoja na bendi yake Fratello Metallo, akapanda jukwaani katika tamasha la Gods of Metal akiwa amevaa kanzu yake ya kahawia ya Kifransisko. Wasikilizaji wa metali walimpokea kwa furaha, na hakudai kwamba anawasajili katika parokia. Alisema alitaka waelekee kwenye uzima, wauelewe na kuuonja. Kisha mwaka 2009 akaacha. Alieleza kwamba umaarufu ulikuwa umeanza kumwinua, kumtenganisha na wenzake wa bendi na hata na ndugu zake wa shirika, na kwamba ndani ya hayo aliuona mkono wa shetani. Shetani aliyekuwa akitafutwa na watu katika magitaa, Mkapuchini huyu alimkuta katika makofi.

Hayo ndiyo mang'amuzi ambayo Papa Francisko aliyazungumzia katika Wosia wake wa Kitume Gaudete et exsultate, uliotangazwa tarehe 9 Aprili 2018. Wanaosema kwamba Kanisa la leo limeacha kuamini kuwapo kwa shetani wasome namba 160 na 161: Baba Mtakatifu anakataa katakata tusimfanye kuwa hadithi au alama tu, kwa sababu tukifanya hivyo tunalegea. Lakini msomaji mwangalifu atakuwa amekwisha kupita namba 115, na huko ndiko tulikoguswa sisi tuandikao katika vyombo vya Kanisa. Anasema kwamba Wakristo nao hunaswa katika ukatili wa maneno mitandaoni, hata katika vyombo vya habari vya Kikatoliki, ambako watu wanaojidai kuzitetea amri nyingine huisahau kabisa ya nane, na kuchafua majina ya wenzao bila huruma. Shetani anayepigiwa kelele katika albamu huweza kukaa kwa raha katika kidole cha anayeilaani albamu hiyo bila kuisikiliza.

Oktoba 2018 Maaskofu walikutana Roma katika Sinodi juu ya vijana, imani na mang'amuzi ya miito. Tayari mwezi Machi mwaka huo vijana wapatao 300 kutoka sehemu mbalimbali za dunia walikusanyika huko kwa juma zima, na Dominika ya Matawi wakamkabidhi Baba Mtakatifu waraka wao. Kati ya waliyoyaomba ni Kanisa linalowasikiliza, lenye walezi wanaotembea nao bila kuwahukumu. Kusikiliza ni kazi, na mara nyingine ni kazi isiyopendeza masikio. Baba yule aliyetuandikia alitupa nafasi ya kuijaribu kazi hiyo, nasi tukamwomba jambo moja tu kabla hatujamjibu swali lake: aitoe simu kabatini, amwite mwanawe, wakae wawili na Biblia iliyofunguliwa kwenye Zaburi ya 23, wausikilize wimbo "The Valley" tangu mwanzo hadi mwisho, na kijana amfasirie maneno.

Ametujibu juzi. Anasema wimbo ule hakuupenda hata kidogo, kichwa kilimuuma, na hadhani kwamba atausikiliza tena. Anasema pia kwamba hakujua mwanawe anaijua Zaburi ile kwa moyo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kijana amerudi kwenye kinanda Jumamosi iliyopita. Baba amebaki na swali moja, ambalo tumempelekea mwalimu wa kwaya kwa kuwa sisi limetushinda: kama maneno ni mazuri namna ile, kwa nini wanayapigia kelele?